Nyota za Balbu Mbovu

Nyekundu ilikataa tena. Karani wa vifurushi aliigeuza mkononi balbu iliyoungua, akaipuliza nyota aliyoichora juu yake, akaikodolea jicho. Rangi ilikuwa imefubaa kama tofali, wala haikukaribia ile nyekundu ya kung'aa ya utotoni mwake.

"Dada, huu mwaka wa kumi na moja," mwenzake wa dirisha la stempu alimchokoza. "Hiyo nyota yako ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tano."

Alicheka kidogo, basi. Mama yake alikuwa kitandani tangu mwezi wa tisa, na daktari alikuwa amemvuta kando akamwambia asipange mengi ya mwakani. Alitaka kitu kimoja tu: mama afumbe macho akiamini kwamba mumewe bado yuko hai huko ng'ambo, na bado anawakumbuka.

Baba, fundi umeme, aliondoka binti akiwa na miaka mitano. Hakurudi. Lakini kila Desemba ilikuja balbu iliyoungua, imechorwa nyota nyekundu na mwaka, ya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Mama ndiye aliyepitia posta kuichukua akitoka saluni, akaja nayo imeviringishwa kwenye gazeti, na binti akarukaruka nyumba nzima. Nani mwingine darasani alikuwa na baba wa kumtumia nyota?

Akakua, akaajiriwa posta, dirisha hilohilo la vifurushi. Desemba yake ya kwanza kazini, balbu haikuja. Mama alipamba mti kwa zile za zamani. Binti akaiandikia kampuni ya baba, akajibiwa kwa mistari miwili: mfanyakazi huyo alishafariki. Barua haikusema lini, naye hakuona haja ya kuuliza. Balbu ya mwaka uliotangulia si aliiona kwa macho yake? Alilia chooni, akanawa uso, akaichanachana barua. Mwaka uliofuata akanunua rangi.

"Ile ya mwaka jana lazima ilipotea njiani," alimwambia mama siku alipomkabidhi kifurushi cha kwanza, kimepigwa mihuri yote inayotakiwa.

Mama aliitazama balbu ile muda mrefu. "Mkono wa baba yako umebadilika."

Binti aliikunjakunja karatasi ya kifurushi. "Uzee huo, mama."

"Ndiyo," mama alisema. "Utakuwa uzee."

Leo binti aliomba ruhusa kazini akatoka mapema. Mama alikifungua kifurushi palepale kitandani, polepole, kwa vidole vile vilivyosuka vichwa na kupamba kucha za mtaa mzima, ambavyo sasa vilishindwa hata na uzi wa kufungia.

"Amekumbuka," alisema.

"Hajawahi kutusahau, mama."

Mama alimwangalia kwa namna ambayo binti hakuielewa. Akadhani ni maumivu. "Sanduku la mapambo liko uvunguni. Mwaka huu lifungue wewe."

Binti alishtuka. Miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono kwenye sanduku lile isipokuwa mama mwenyewe. Eti vioo vitawakata. Roho ilimuuma kuona limekuja mikononi mwake namna hii.

"Toa zote, mwanangu," mama alisema. "Mpaka chini kabisa." Kisha akageukia ukutani.

Binti akapiga magoti. Akatoa kwanza zile kumi zake, nyota zimeanza kubanduka, akaona haya kwa kazi yake mbovu. Akatoa za zamani moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni kwa miaka. Hizo nyekundu yake ilikuwa inang'aa vilevile, utadhani zimechorwa jana. Maduka yote ya rangi alishayamaliza, na hakuna muuzaji aliyewahi kumwonyesha nyekundu ya namna hiyo. Baba alikuwa fundi kwelikweli, alijisemea, na machozi yakamtoka.

Akainua pamba iliyotandikwa chini ya sanduku. Palikuwa na bahasha yenye nembo ya kampuni ya baba, na ndani yake mistari miwili ileile, yenye tarehe ya mwaka ambao binti alianza darasa la kwanza.

Kando ya bahasha zilikuwa zimelazwa chupa saba ndogo za rangi ya kucha, nyekundu, zote zimekwisha.