Mizani ya Kiwanja cha Bario

Sinah Ribuh alikuwa amemsindikiza mke wa mwanawe hadi kiwanja cha ndege cha Bario, ambako mizigo hupimwa, kisha abiria nao hupandishwa mizani kama magunia. Karani akauweka mizanini mkoba wa mkwe huyo. Mshale ukasogea kidogo tu.

"Ndio mchele unaompelekea dada yako mjini Miri huo?" Sinah Ribuh akauliza. " Mbona mwepesi kama manyoya ya kuku?"

"Ni wa kuonja tu, mama."

Mkoba uliposhushwa, kitu ndani yake kikalia chaka-chaka. Mchele haulii hivyo. Sauti ile Sinah Ribuh aliijua tangu utotoni: kofia ya shanga ya marehemu mama yake, inayokaa sandukuni nyumbani na kutolewa siku za harusi tu.

Au ni masikio ya uzee?

"Fungua nione."

"Mbele za watu, mama? Waseme mimi mwizi?"

Nje, rubani alikuwa ameshapanda. Sinah Ribuh akakitazama kilima cha nyumbani. Akienda kuchungulia sanduku na kurudi, saa nzima imekwisha, na ndege imeshatua Miri. Kwa barabara ya malori ya magogo, Miri ni kutwa nzima ya matope. Mvua ikinyesha, siku mbili.

"Kimebaki kiti kimoja," karani akatania. "Vipi bibi, leo utaacha kuogopa ndege?"

Sinah Ribuh akavua ndara, akapanda mizani.

"Pima."

Mkwewe akaikaza kamba ya mkoba, ingawa ilikuwa imekazwa tayari.