Gari la Mkwe

Jambo la kwanza mkwe alilotaka halikuwa la gia. Alitaka kiti cha dereva kisogee mbele.

"Kimekwama, baba. Kipake grisi kiende mpaka mwisho."

Fundi aliitazama ile miguu mirefu ya mkwe wake, akadhani labda kuna mzigo wa kupakia nyuma. Hakuuliza. Siku hizi walikuwa wanaongea kwa kupimiana maneno.

"Na gia ni nzito," mkwe aliendelea. "Kuitoa P mpaka uvute kwa nguvu, na ikiingia inashtuka. Nataka iwe laini, hata mkono usio na nguvu uweze."

Mkono usio na nguvu aliokuwa akiufahamu yeye ulikuwa wa bintiye, uliotolewa plasta mwezi uliopita. Aliteleza bafuni, mkwe alisema wakati ule. Mwaka jana aliteleza jikoni. Kwa kuteleza kwa nyumba ile, ungedhani sakafu yote imepakwa sabuni.

"Itakuwa laini," alisema.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakichovya tena, akakinusa. Oili ilikuwa nyekundu na safi, haina harufu ya kuungua. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye kebo tu, ule waya mnene unaotoka kwenye mkono wa gia kwenda chini kuiambia giaboksi dereva anataka nini. Kebo ikikaa vibaya, huku juu unaona P, ile ya kuegesha, kule chini giaboksi haina habari hiyo.

"Handbreki bado imekatika," fundi alisema.

"Iache hiyo. P inatosha."

Siku nyingine angebishana naye mpaka povu limtoke. Leo alikirudisha tu kijiti mahali pake.

Mkwe alijikohoza. "Na yale maneno yako ya juzi, baba. Nimeyafikiria."

"Vizuri," fundi alijibu, wala hakuamini hata neno moja.

"Basi nitalifuata mchana. Kuna mtu nimemwacha ofisini ananingoja." Akaondoka kwa miguu.

Hayo maneno ya juzi fundi aliyasema akiwa nyumbani kwao, kule bondeni. Alikuwa amemsihi kama mtu anayeomba maji: mwache mtoto atoke, aende sokoni, aje amwone mama yake. Mkwe alimsikiliza huku macho yako kwenye simu. Kabla ya hapo fundi alikuwa amesimama nje kitambo kirefu, akiongea na bintiye kupitia upenyo wa geti, kwa sababu geti lilifungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana mkubwa. Ndipo alipoona gari linavyoshuka ule mteremko na kusimama karibu kuligusa geti. Mkwe alitia P, akaacha injini inanguruma, akashuka, akaja mbele ya gari na kuinamia kufuli, mgongo ameupa gari. Kila siku anafanya hivyo, bintiye alimwambia.

Fundi alishuka kwenye shimo chini ya gari, akalegeza nati ya kebo. Kwanza aliipanga kama inavyotakiwa, akapanda, akajaribu. P, R, N, D, kila gia iliitika kwa mlio wake mdogo. Mkono wa gia ulikwenda bila kusukumwa. Angeweza kukaza nati hapohapo, akanawa, akaenda kula.

Alirudi shimoni. Akamkumbuka msichana aliyekulia katika gereji hii, akiwazungushia wateja magari yao uani kabla miguu haijazifikia pedali vizuri, ambaye tangu aolewe hajaruhusiwa kugusa usukani. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alimchukia mtu yule, na hakuona haya kumchukia.

Akaivuta kebo kidogo, kidogo tu, akakaza nati. Sasa ukitia P, lile jino la chuma linalozuia magurudumu halikuzama mahali pake, lilishika kwa ncha. Kwenye sakafu tambarare ya gereji lingeshika mchana kutwa. Mteremkoni, injini ikitetema, lingeshika muda wa mtu kushuka na kuinama.

Baada ya hapo akakipaka kiti grisi, maana kazi ni kazi.

Mkwe aliporudi alijaribu gia, kisha akakivuta kiti mpaka mwisho, akakirudisha. Akatabasamu kama mtoto. "Laini kabisa! Mungu aibariki mikono yako, baba."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Gari lilipotokomea alikaa kwenye benchi, simu kiganjani, akingoja kuitiwa msiba.

Jioni ikaita. Alikuwa bintiye, wala hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu harusi.

"Baba! Ulimwambia nini mume wangu? Asubuhi amenitoa, akaniambia nimngoje ofisini kwake. Mara namwona anakuja na gari, ananipa ufunguo wake na wa geti, anasema gari kuanzia leo ni langu. Na kiti kinasogea, miguu inafika! Nimemwacha huko kazini kwake, nimeendesha mwenyewe mpaka hapa getini. Nabadilisha nguo tu, nakuja kumwona mama."

"Mwanangu..."

"Subiri kidogo, baba, usikate. Simu naiacha kitini, nashuka kufungua kufuli."

Fundi alipiga kelele. Ndani ya simu mlango wa gari ulijifunga, na injini ikabaki inanguruma peke yake.