Simba wa Kizingitini

Fundi Gaspard aliling'oa jiwe la kizingiti cha nyumba ya Bibi Odile lililokuwa likitikisika, akaligeuza, akabaki kinywa wazi. Upande wa chini ulikuwa umechongwa simba mwenye taji, nembo ya mabwana wa ile ngome iliyobomolewa zamani kilimani.

"Bibi Odile, mwite meya. Hili ni la makumbusho."

Bibi Odile aliyatazama makucha ya simba, makali kama yamechongwa jana. Kisha akapapasa upande wa juu, palipobonyea kwa nyayo za mama yake na bibi yake, wakiingia na kutoka na ndoo za maziwa.

"Miaka yote hiyo hajatulalamikia," alisema. "Mrudishe alivyokuwa."

Chokaa ilipokauka, Bibi Odile akavua kiatu, akakanyaga pale palipobonyea. Mguu ukaenea sawasawa.