Nafasi ya Mlezi

Wanyama walipofungua shule yao, walimweka Nungunungu mlangoni apokee fomu. Kazi yake ilikuwa moja: nafasi yenye alama ya nyota lazima ijazwe. Ikiwa tupu, fomu inarudi.

Kakakuona alikuwa amerudishwa mara mbili. Nafasi ya mlezi ilikuwa tupu, na jioni ile uandikishaji ulikuwa unafungwa kwa mwaka mzima.

"Sina mtu, mzee," alisema. "Nimwandike nani?"

"Hayo si yangu, binti. Mimi naangalia kama pamejaa."

Kenge, aliyekwisha kupokelewa, akacheka. "Mshamba wewe. Mimi nimeandika lile jiwe ninalootea jua, na nimepita."

Kakakuona akawaza: nikiugua, jiwe litakuja? Akainama, akaandika, akairudisha fomu.

Nungunungu akasoma jina lake mwenyewe. "Mimi si mlezi wako."

"Najua, mzee. Lakini pamejaa."

Nungunungu akatafuta kanuni ya kumkatalia, asiipate. Akagonga muhuri.

Masika yalipofika, Kakakuona alishikwa na homa. Mjumbe wa shule akaenda nyumbani kwa Nungunungu, ambako hakukuwa na mgeni aliyewahi kufika, kwa kuogopa miiba.

"Mtoto wako anaumwa," akasema. "Anakuulizia."

Nungunungu aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba ameitwa mwingine. Kisha akailaza miiba yake yote, mmoja mmoja, akatoka mbio kwenye mvua.