Mzigo Usiolipiwa Ushuru

Jeneza lililotoka Koboko asubuhi ile halikuwa na maiti. Zulaika, aliyelifuata akimlilia mumewe Lado, alilijua hilo. Mashemeji zake wanne waliolibeba walilijua pia. Ilibaki kuvuka kizuizi cha Oraba na kuingia Kaya, upande wa Sudan. Wakikamatwa, basi. Mwaka ule watu walipigwa risasi kwa gunia moja tu la kahawa.

"Msitikise," aliwanong'oneza. "Ila tufike upesi, jua linazidi."

Kizuizini, Koplo Sulaiti alivua kofia. Alikuwa mcha Mungu kuliko cheo chake.

"Pole, mama. Mpaka iko fungwa, amri ya leo: iko mtu natafutwa. Lakini maiti hapana ngoja. Sisi tutazika hapa."

"Hapana, afande! Wazee wake iko Kaya."

"Udongo ni moja tu, mama."

Kubeba jeneza ni thawabu, na askari sita waliigombania. Wengine walishika majembe. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, ikachimbika kama ugali. Mashemeji walipoona hivyo, wakayeyuka mmoja mmoja shambani mwa mihogo. Zulaika akabaki peke yake.

Shimo lilipofika kiunoni, alijitupa miguuni pa Sulaiti.

"Afande, mimi nasema kweli. Ile ni magendo! Ni kahawa! Kamata mimi, peleka mimi jela ya Arua, piga mimi risasi!"

Sulaiti alimwinua taratibu, machozi yakimlenga.

"Mama, uchungu nasumbua akili yako. Magendo ni mali ya kuvuka bila kulipa ushuru. Kahawa, sukari, sabuni. Marehemu hapana lipa ushuru."

Akaamuru apelekwe kando, maana wanawake hawasimami kaburini. Askari wawili walimshika mikono. Zulaika alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nao wakamhurumia zaidi. Mjane gani angelia kidogo?

Sulaiti alishuka kaburini mwenyewe, akapokea mzigo uliotolewa jenezani, akaulaza ubavu kuelekea kibla. Kisha, kama desturi ilivyo, akafungua fundo la sanda kichwani.

Lado alikuwa akitiririka jasho.

"Ni mimi munatafuta, afande," alisema. "Acha bibi yangu aende."