Mstari Mwekundu

"Bibi, ukinitegea kitendawili sasa hivi, narukia chini!" Twyla, mjukuu wangu, alinifokea tukiwa juu ya tangi la mafuta pamoja na dereva wa lori. Alikuwa anacheka.

Dereva huyo, anayekuja kutununulia mafuta ghafi, alishayakataa ya kisima chetu mara mbili, maana yalikuwa yameshikana na maji ya chumvi kama uji. Akiyakataa na leo, kisima kinafungwa. Twyla alikuwa ameshinda wiki nzima akirekebisha mtungi wa kupashia mafuta moto. Kitendawili changu kilikuwa kuhusu mtungi huo: watatu huingia mle wamekumbatiana, hutoka wameachana: gesi hupaa, mafuta huelea, maji huzama.

Dereva aliipaka fimbo ya shaba dawa ya manjano, ile inayogeuka nyekundu ikigusa maji, akaiteremsha hadi chini ya tangi. Upepo wa Oklahoma ukaniondolea kofia, wala sikujali.

Fimbo ikapanda. Nikaona wekundu.

"Basi, tumekwisha," nikasema.

"Tumekwisha nini? Tazama vizuri, Bibi!"

Nikavaa miwani. Mara zile mbili fimbo ilitoka na madoadoa mekundu juu mpaka chini, kama mtoto mwenye surua. Leo wekundu uliishia chini kabisa, kwa mstari ulionyooka, na juu yake manjano matupu. Maji yalikuwa yamejitenga, yamelala chini ya mdomo wa bomba la kutolea mafuta.

Dereva aliukwaruza mstari kwa ukucha.

"Dada, umeyafanyaje haya mafuta?"

"Nimeyapasha moto, nikayaacha yatulie."

"Haya, shuka ukanivutie mpira wa kunyonyea mafuta, niyapakie kwenye lori."