Nilimeza Vidonge vya Tunu

Wazazi wenzangu, mtoto akilalamikia dawa, kamwambieni daktari. Msifanye kama mimi.

Mnajua siku hizi kidonge kikifika tumboni hutuma taarifa kliniki chenyewe, ila hakijui tumbo ni la nani. Binti yangu Tunu, anayesikia sauti zisizokuwepo, alilia, "Mama, vinanitetemesha mikono, hata kusuka nywele siwezi." Nikamwonea huruma, nikawa navimeza mimi.

Sauti zikamrudia. Daktari akaona vidonge vyote vimemezwa, akadhani havimtoshi, akaandika dozi kubwa mara tatu ya ile ya kwanza. Hapo nikaogopa, nikampa Tunu avimeze mwenyewe.

Leo siku ya pili hajaamka. Nesi ananiuliza, "Mama Tunu, si alikuwa ameshazoea dawa?"